Libaio ipo, libaio haipo: kwa nini seva hudai maktaba uliyokwisha kuisakinisha

Ujumbe uliingia saa mbili usiku nikiwa ndani ya matatu ya kwenda Mamboleo: "Mwalimu, pole kwa usumbufu. Seva imekataa. Inasema maktaba haipo, na mimi nimeiweka mara tatu."

Aliyeandika ni kijana niliyemfundisha kazi hapa Kisumu, ambaye siku hizi anatunza mashine za ofisi ya ushirika mmoja wa wakulima huko Nakuru. Mashine yao ya zamani, iliyokuwa na Ubuntu 18.04 (Ubuntu ni mojawapo ya mifumo ya Linux), ilikuwa imekufa. Wakanunua nyingine, akaiwekea Ubuntu 24.04, halafu akaileta kwa flashi programu ya hifadhidata, MySQL 5.7 ileile ambayo hesabu za ushirika zilikuwa zimeizoea, ile inayokuja imefungashwa nzima katika faili moja la .tar.gz. Alipoiwasha, ikamtolea mstari ambao kila aliyewahi kugusa seva ya Linux ameuona kwa sura moja au nyingine:

`mysqld: error while loading shared libraries: libaio.so.1: cannot open shared object file: No such file or directory`

Yaani programu imeomba maktaba iitwayo libaio.so.1, ikatafutwa, haikuonekana, basi safari imeishia mlangoni. Kijana akaiagiza apt, kisakinishi cha vifurushi cha Ubuntu, imletee libaio. Apt ikamjibu kwamba libaio tayari ipo, tena toleo jipya kabisa. Akaiondoa, akairudisha. Akazima mashine, akaiwasha. Ujumbe uleule. Huyu anasema ipo, yule anasema haipo, na hakuna kati yao anayesema uongo.

Sufuria za kikundi

Neno "maktaba" humfanya mtu aone rafu za vitabu. Mimi nikifundisha huwaambia vijana wafikirie sufuria za matanga. Kwetu Vihiga msiba ukitokea, hakuna boma linalokwenda dukani kununua sufuria ya kupikia watu mia tatu. Kikundi cha akina mama kinazo, pamoja na hema na viti, na kila boma huazima zilezile zamu yake ikifika. Programu za Linux huishi hivyohivyo. Kusimba mawasiliano, kubana data, kuandika kwenye diski bila kusubiri (hiyo ndiyo kazi ya libaio): kila programu ingeweza kuja na chombo chake, lakini nyingi huja mikono mitupu zikijua kikundi kinacho.

Faida ya kwanza ni nafasi, na siku hizi si kubwa sana kwa sababu diski zimekuwa rahisi. Faida ya pili ndiyo yenye uzito. Aprili 2014 lilipotangazwa tundu la usalama la Heartbleed katika OpenSSL, maktaba ya kusimba mawasiliano, kuanzia toleo 1.0.1 hadi 1.0.1f, mwenye seva alisasisha maktaba moja, akaziwasha upya huduma zake, na seva ya wavuti na ya barua pepe zikapona kwa pamoja. Sufuria ilizibwa mara moja, maboma yote yakapika. Walioumia zaidi ni wale waliokuwa na programu zilizokuja zimemeza OpenSSL tumboni mwake, kwa sababu iliwabidi wasubiri kila mtengenezaji atoe toleo lake jipya.

Hasara yake ni hii tunayoizungumza. Programu haianzi mpaka kikundi kilete vyombo, na haiombi "sufuria" tu. Inaomba kwa jina.

Mtu mmoja, majina manne

Huku kwetu mtu anaweza kuwa na jina la kitambulisho, jina la nyumbani, jina la kanisani, na bado dukani akaitwa Baba fulani. Ukimuulizia kwa jina lisilo la mahali hapo, utaambiwa hakuna mtu wa namna hiyo, ilhali ameketi hapo hapo anakunywa chai. Maktaba ya Linux ina tabia hiyo.

Chukua OpenSSL kwenye Ubuntu 22.04. Kifurushi ambacho apt inakijua kinaitwa libssl3. Faili lenyewe kwenye diski ni libssl.so.3. Anayeunda programu kutoka kwenye msimbo wake huitafuta kwa jina la libssl.so tupu, bila namba, na jina hilo huletwa na kifurushi kingine kabisa, libssl-dev. Halafu kuna jina lililochongwa ndani ya maktaba yenyewe, linaloitwa soname, ambalo hapa nalo ni libssl.so.3. Kwa maktaba nyingine faili halisi huwa na namba ndefu zaidi, na soname huwekwa pembeni kama kiungo cha kulielekezea.

Kati ya hayo manne, soname ndiyo yenye nguvu, kwa kuwa ni ahadi. Programu inapoundwa, huandikiwa ndani yake orodha ya soname inazozihitaji. Inapowashwa, kipakizi cha mfumo (ld.so) husoma orodha hiyo na kwenda kutafuta kila jina kama lilivyoandikwa, herufi kwa herufi. Hutazama kwanza saraka zilizotajwa katika LD_LIBRARY_PATH kama umeiweka, kisha njia zilizoandikwa ndani ya programu yenyewe, kisha daftari la /etc/ld.so.cache ambalo huandikwa na amri ya ldconfig, mwisho /lib na /usr/lib. Hakifahamu lolote kuhusu vifurushi. Hakijui apt ni nani. Ndiyo sababu apt na kipakizi wanaweza kupingana usiku kucha: mmoja anaulizwa jina la kifurushi, mwingine jina la ahadi.

Na namba iliyo mwishoni mwa soname haibadilishwi kwa urembo. Watengenezaji huiongeza pale umbo la ndani linapobadilika kiasi kwamba programu ya zamani ikiishika maktaba mpya itashika pasipo na mpini. Kikundi kikinunua sufuria pana zaidi, mfuniko ulioutengenezesha kwa fundi wa Kibuye kwa kipimo cha ile ya zamani utatumbukia ndani ya mchuzi.

Mistari minne kutoka Nakuru

Nilimwambia kijana aache kuwasha na kuzima, aniulizie mambo yote kwa mkupuo. Kosa la kawaida ni kufukuza maktaba mojamoja, maana kipakizi hutaja ile ya kwanza tu kisha hunyamaza. Amri ya ldd hutaja zote:

`ldd bin/mysqld bin/mysql | grep "not found"`

(Tahadhari ndogo: ldd huweza kuiendesha programu yenyewe, kwa hiyo usiielekeze kwa faili usilojua limetoka wapi. Faili la namna hiyo lisome kwa `objdump -p`, kisha tafuta mistari iliyoandikwa NEEDED.)

Alinirudishia majina manne: libaio.so.1, libnuma.so.1, libncurses.so.5 na libtinfo.so.5. Ukiyatazama kwa haraka ni tatizo moja limejirudia mara nne. Kumbe ni matatizo matatu tofauti, na dawa zake hazifanani.

Libnuma ndiyo pekee iliyokosekana kikweli. Mfumo unayo ghalani, mahali apt inapochukua vifurushi, ila hakuna aliyekuwa ameiomba. Ukitaka kujua jina la kifurushi kinachobeba soname fulani, sakinisha apt-file, iruhusu ichukue orodha zake kwa `apt-file update`, kisha uliza `apt-file search libnuma.so.1`. Itakuambia libnuma1. Wanaotumia Rocky au Alma, Linux za jamii ya Red Hat, huuliza `dnf provides '*/libnuma.so.1'`. Unasakinisha, unaendelea na maisha. Makala nyingi za mtandaoni huishia hapa, kana kwamba kila maktaba inayokosekana ni ya aina hii.

Libaio ilikuwepo, ila ilikuwa imebadilishwa jina, na sababu yake inafurahisha. Kompyuta za jamii hii huhesabu muda kwa sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970. Kwenye mashine za biti 32 hesabu hiyo iliwekewa nafasi itakayojaa tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu za Kenya, na sekunde inayofuata saa itarudi nyuma hadi mwaka 1901. Debian na Ubuntu waliamua kuipanua nafasi hiyo mapema. Kwa kuwa kupanua ni kubadilisha umbo, vifurushi vingi vilivyoguswa viliongezewa t64 mwishoni mwa jina, na Ubuntu 24.04 ya Aprili 2024 ikatoka nayo mabadiliko hayo. Maktaba nyingi zilibadilishwa jina la kifurushi tu: libssl3t64 bado inatoa libssl.so.3 ileile. Libaio ni miongoni mwa chache zilizobadilishiwa hata soname, ikawa libaio.so.1t64. MySQL ya zamani inauliza kwa jina la zamani. Kipakizi kinajibu kwa haki kabisa kwamba hakuna mtu wa jina hilo.

Kwenye mashine za biti 64, na seva zetu karibu zote ni hizo, muda ulikuwa na nafasi pana tangu mwanzo. Kwa hiyo ndani ya libaio umbo halikubadilika, limebadilika jina tu, na hapa kiungo cha mkono kinakubalika:

`sudo ln -s libaio.so.1t64 /usr/lib/x86_64-linux-gnu/libaio.so.1`

Nasema "hapa" kwa kukazia, na sababu nitaieleza.

Zile mbili za mwisho, libncurses.so.5 na libtinfo.so.5, zilikuwa zimestaafishwa. Ubuntu 22.04 ilikuwa bado inazitunza pembeni ya toleo la 6 kwa ajili ya wazee, 24.04 imeziondoa ghalani. Huwezi kuziomba kwa apt. Utakuta watu wakishauriana kupakua vifurushi vya toleo la nyuma na kuviingiza kwa `dpkg -i`, na mara nyingi inafanya kazi. Mimi nilimwambia kijana asimame hapo hapo.

Maana majina manne hayo, yakisomwa pamoja, yanasema jambo moja ambalo kila jina peke yake halisemi: programu hii haikuundwa kwa ajili ya nyumba hii. Moja ikikosekana, huenda umesahau kitu. Zikikosekana kadhaa za umri mmoja, acha kuuliza maktaba iko wapi. Uliza nani aliiunda programu hii, lini, na kwenye mfumo gani. MySQL 5.7 yenyewe iliacha kutunzwa Oktoba 2023. Hata tungezikusanya sufuria zote kuukuu, tungekuwa tunapikia ushirika kwenye jiko ambalo fundi wake ameshahama mji.

Dhambi mbili nilizozifanya mwenyewe

Ya kwanza ni ya kiungo. Ubuntu 22.04 ilipotoka, iliiacha OpenSSL 1.1 na kushika OpenSSL 3. Programu moja ya mteja wangu ilidai libssl.so.1.1. Nikajiona mjanja, nikatengeneza kiungo chenye jina hilo kikielekea libssl.so.3. Kipakizi kikaridhika na jina, kikafungua mlango, kisha kikatazama ndani na kunijibu: `version 'OPENSSL_1_1_0' not found`. Maktaba kubwa huandika matoleo hata kwenye alama za ndani, kwa hiyo kubandika jina nje hakutoshi. Huo ulikuwa udanganyifu uliogundulika, na nilibahatika. Maktaba isiyoandika matoleo hayo ingeruhusu programu ianze, kisha ianguke siku tatu baadaye katikati ya malipo, na hapo usingekumbuka tena kiungo ulichokitengeneza Jumatatu. Ndiyo maana kile cha libaio nakiruhusu kwa sababu moja tu: najua kwa nini jina lilibadilika.

Ya pili ni mbaya zaidi. Inahusu glibc, maktaba ambayo karibu kila kitu kwenye mashine kinaitegemea, hata amri ya kuorodhesha faili. Kosa lake huandikwa hivi: `version 'GLIBC_2.34' not found`. Maana yake ni kwamba programu imeundwa kwenye mfumo mpya kuliko wako. Ubuntu 20.04 ina glibc 2.31, 22.04 ina 2.35, 24.04 ina 2.39, programu ya zamani huendeshwa na glibc mpya bila shida, lakini kinyume chake hakiwezekani. Miaka kadhaa iliyopita, katika ofisi moja hapa Kisumu, nilikuwa na CentOS 7, Linux nyingine, ambayo glibc yake ni 2.17, na programu iliyotaka zaidi ya hapo. Nikaiunda glibc mpya kwa mkono, nikaiweka juu ya ile ya mfumo.

Amri iliyofuata ilikuwa ls. Haikujibu orodha, ilianguka. Nikajaribu cp, ikaanguka. Sudo, hivyohivyo. Terminali iliyokuwa wazi ilibaki hai kwa sababu bash, programu inayopokea amri, ilikwishapakiwa kwenye kumbukumbu, na cd pamoja na echo zimo ndani yake, basi nikawa natembea humo nikitumia `echo *` kutazama saraka kama mtu anayepapasa ukuta gizani. Mvua ya jioni ya kutoka ziwani ilikuwa imeshaanza. Nilipanda bodaboda hadi Kondele kutafuta flashi, nikarudi nimelowa, nikawasha mashine kwa mfumo wa kwenye flashi na kurudisha faili za zamani. Tangu siku hiyo, nikiona GLIBC kwenye ujumbe wa kosa, siigusi glibc. Ama natafuta programu iliyoundwa kwa toleo langu, ama nahamisha mashine nzima kwenye toleo jipya.

Mambo madogo yanayokula muda

Ukiwa unaunda programu kutoka kwenye msimbo na ikalalamikia faili linaloishia na .h, maktaba ya kuendeshea huenda unayo. Unachokosa ni faili za vichwa. Tafuta kifurushi chenye -dev mwishoni, au -devel kwa jamii ya Red Hat.

Ukiambiwa faili halipo ilhali unaliona kwa macho, pengine kinachokosekana ni kipakizi chenyewe. Programu ya biti 32 kwenye mfumo wa biti 64 hujibu hivyo. Iliyoundwa kwa glibc nayo hujibu hivyo ukiipeleka Alpine, Linux nyingine, ambayo badala ya glibc hutumia musl.

Kifurushi cha .deb ulichopakua usikiingize kwa `dpkg -i` kisha ukahangaika na kilichovunjika. Andika `sudo apt install ./jina.deb`, na hiyo alama ya nukta na mkwaju usiisahau. Apt itafuata tegemezi zake, yaani vifurushi vingine kinavyovihitaji, yenyewe. Kama mashine haina intaneti, au bando ni la kuhesabu, tafuta mashine nyingine yenye toleo lilelile la Ubuntu, andika `apt-get install --download-only` na jina la programu, kisha chukua vilivyomo /var/cache/apt/archives kwa flashi. Angalizo: mashine ya kupakulia ikiwa tayari na baadhi ya tegemezi hizo, haitazipakua, na utazikosa ukifika uendako. Nimewahi kufika Kakamega nikiwa na flashi yenye vifurushi kumi na viwili na kumkosa wa kumi na tatu.

Kuhusu kontena, zile za Docker na ndugu zake, hizo ni sawa na kumwita mpishi wa kukodi anayekuja na sufuria, kuni na hata maji yake. Tegemezi zote zimo ndani, hakuna ugomvi na mfumo wa nje isipokuwa kerneli, yaani kiini cha mfumo. Kwa programu kongwe ambayo huna namna ya kuiacha, ni njia ya heshima kuliko kuijaza mashine maktaba zilizostaafu. Ila usidhani umekwepa deni. OpenSSL 1.1.1 iliacha kupewa marekebisho ya bure tarehe 11 Septemba 2023, na iliyomo ndani ya kontena lako la zamani haitasasishwa na apt ya nje. Mpishi wa kukodi hakaguliwi na kikundi.

Nakuru tulimaliza saa tano na nusu. Kijana aliifuta ile MySQL ya flashi, akaandika `sudo apt install mysql-server`, ikaja 8.0 ya Ubuntu yenyewe ikiwa na libaio kwa jina lake jipya bila mtu kuulizwa. Akaingiza nakala ya akiba ya hifadhidata aliyokuwa ameitoa kabla mashine ya zamani haijakata roho. Programu ya hesabu ikagoma kidogo, kwa sababu 8.0 huthibitisha nywila kwa mtindo mpya wa caching_sha2_password usioeleweka na programu kongwe. Tukamwundia mtumiaji wake kwa mysql_native_password, ambayo 8.0 bado inaikubali, akaingia.

Kabla ya kuagana nikamuuliza kama kile kiungo cha libaio.so.1 bado kipo.

"Kipo, Mwalimu. Nikiache tu? Hakisumbui."

Nikamwambia akitoe usiku huohuo.